Mashua Iliyoota Meno

Jumanne, saa kumi na moja na robo jioni, kizibo kimoja kilichomoka ubavuni mwa mashua na kudondoka juu ya vumbi la mbao. Hakuna aliyekigusa.

Kilikuwa kizibo kidogo cha mbao, upana wa kidole cha mwisho cha mtoto, kimojawapo cha mamia ya vizibo ambavyo Baba alikuwa amevichonga kufunika vichwa vya skrubu. Aliyekiona kikitoka ni binti yake mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa amechuchumaa palepale na tochi. Nyumbani walimwita Mkaguzi, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akihesabu vijiko kila baada ya kuviosha. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, amerudi likizo, na kazi aliyopewa ilikuwa kupita kila kiungo cha mashua kabla ya Jumamosi na kusema ukweli.

"Baba, kimetoka kimoja."

"Kimetoka au umekitoa?"

"Kimetoka chenyewe. Nimekiona. Kama mtu aliyetema kokwa."

Mashua ilisimama uani, kati ya jiko na ukuta wa jirani, imeegemezwa nguzo pande zote mbili kama mgonjwa anayefundishwa kusimama. Baba aliianza Mkaguzi akiwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Hakuwa seremala wala baharia. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, mtu wa nta na plasta na tupa nyembamba, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele chenye harufu ya mafuta ya karafuu. Kwa hiyo aliiunga mashua kama anavyounga meno, kila ubao ukikaa sawa na mwenzake, usiuzidi hata kwa unene wa karatasi. Mtaani walimbandika jina la Nahodha wa Uani. Wengine walishaacha hata kumcheka, jambo lililomuuma zaidi.

Jumamosi asubuhi shemeji yake angekuja na lori la winchi la kazini kwao, liinyanyue mashua juu ya ukuta na kuipeleka majini. Wiki iliyofuata lori hilo lingehamishiwa mbali. Kuikosa Jumamosi hiyo ilikuwa kukosa kabisa.

Ndiyo maana walikuwa wameijaza maji. Mbao zikikaa kavu miaka mingi husinyaa, na zikinywa maji huvimba zikabana nyufa zote. Tena maji yakiwa ndani, panapovuja huonekana kwa nje mtu akiwa bado nchi kavu. Bomba la mtaa lilikuwa halitoi hata tone, basi Baba alivunja mfuniko wa zege wa kisima cha nyuma ya jiko, ambacho hakikuwa kimefunguliwa tangu bibi yao akiwa hai, akateremsha pampu.

"Nahodha!" jirani, fundi redio, alichungulia juu ya ukuta. "Wenzako huweka chombo majini. Wewe umeweka maji chomboni!"

"Njoo Jumamosi ucheke vizuri," Baba alimjibu bila kugeuka.

Sasa maji yalikuwa yakichuruzika kwenye lile tundu, uzi mwembamba, mweupe. Baba alichukua kizibo kingine, akakipaka gundi, akakigonga kwa nyundo ya mbao. Kikakaa kidogo, halafu kikasukumwa nje taratibu, mbele ya macho yao, kikaanguka. Akaweka cha tatu. Nacho kikatemwa.

"Presha ya maji," alisema Baba, lakini alikuwa amekunja uso.

Njugu, kitinda mimba wa nyumba ile, mtoto wa miaka saba aliyekuwa hawezi kunyamaza hata akila, alikuwa amesimama pembeni akionyesha pengo lake jipya kwa kila aliyemtazama. Jino la juu lilikuwa limemtoka mchana, na Baba alikuwa amelitia kwenye mfuko wa aproni. Akalikumbuka. Akacheka peke yake. Aliingia karakanani, wakasikia mashine ya kusagia ikilia kidogo, akarudi na lile jino likiwa limechongwa mviringo, dogo, safi kama shanga.

"Njugu, unaikopesha mashua jino lako?"

"Naipa tu! Bure!"

Baba akalisukuma tunduni kwa kidole gumba na kuligonga mara moja. Uzi wa maji ukakatika. Hata unyevu haukubaki.

"Umeona?" alisema, akimfinya Njugu shavu. "Sasa chombo kina jino lako. Hakiwezi kukutupa baharini."

Mama alitoka sebuleni, uzi wa cherehani ukiwa umemning'inia shingoni, kwa sababu tanga lote lilikuwa likishonwa na yeye, kipande kwa kipande. Akatazama, akatikisa kichwa. "Mna mambo nyie." Wote walicheka. Mkaguzi naye alicheka, ingawa macho yake yalikuwa yamebaki kwenye ule ubao. Alikuwa ameona kitu ambacho hakukitaja, akidhani ni mwanga: jino lilipoingia, mbao za pembeni zilisogea kidogo na kulibana, kama midomo.

Jumatano asubuhi ua ulinuka. Haikuwa harufu ya maji yaliyolala wala ya mbao mbichi. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyelala mdomo wazi. Mkaguzi alipanda ngazi na kutumbukiza mkono. Maji yalikuwa na uvuguvugu. Alama ya penseli aliyoichora jana kwenye taruma, ule ubavu wa ndani wa mashua, ilikuwa imezama. Maji yalikuwa yameongezeka, na mvua haikunyesha.

Alishuka akazunguka. Kizibo kingine kilikuwa chini, kimelowa. Lakini tundu lake halikuwa wazi. Lilikuwa limezibwa na kitu cheupe.

Jikoni, Njugu alikuwa akinywa chai kwa kuifyonza.

"Njugu, hebu cheka."

Njugu akacheka. Mapengo yalikuwa mawili, yamekaa jirani.

"Umeng'oa jingine?"

"Sijang'oa. Lilikuwepo nikilala."

"Uliumia?"

"Hapana." Alifikiri. "Lilikuwa linawasha kwa raha."

Hakukuwa na damu, si mdomoni, si kwenye foronya. Baba aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Mtundu huyu! Kaona mchezo wa jana umenoga, kaja kuongeza." Akaenda akapitisha kidole juu ya lile jino, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Tena kalipanga vizuri kuliko mimi."

"Baba, tundu lile liko chini kabisa, upande wa ukutani. Mtoto hafiki pale bila kulala kifudifudi. Tazama vumbi. Hakuna alama hata moja."

"Mkaguzi."

"Naam."

"Kagua mashua. Usimkague mwenzio."

Jioni hiyo, wakiwa mezani, walisikia sauti kutoka uani, ngumu, ya polepole, ya kitu kigumu kikisugua kigumu mwenzake, ikianzia upande mmoja na kuhamia upande wa pili. Baba alisema mbao zinavimba. Mama aliacha kutafuna, akasikiliza, akasema kwa sauti ya chini, "Marehemu mama yako ndiye alikuwa akisaga meno hivyo usingizini." Baba akasukuma sahani yake na kuwasha redio.

Alhamisi asubuhi, Mkaguzi alipofika uani, Baba alikuwa amemtangulia. Alikuwa amepiga magoti kwenye ubavu wa kushoto, mgongo wake ukiwa umezuia kitu. Mkaguzi alisogea bila kuvaa viatu.

Jino la tatu lilikuwa tunduni, sehemu ya kutafunia ikiwa imetazama nje. Na ukingo wake ulikuwa na vijino vitatu vidogo kama vya msumeno.

Mkaguzi alizijua zile alama. Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha, miaka mingi nyuma, akimshikia kioo. Meno ya utoto ukingo wake huwa laini. Jino la ukubwani ndilo huota na msumeno, ukaliwa taratibu na chakula. Njugu alikuwa na mawili tu ya namna hiyo, ya chini, mbele, yaliyoota mwaka jana, na nyumba nzima ilikuwa imeyashangilia. Jino la ukubwani likitoka, haliji jingine.

Baba alikuwa na tupa mkononi. Aliliona jino, akalijua, kwa maana hapakuwa na mtu mtaani kote aliyeyajua meno kuliko yeye. Akalipapasa kwa kidole gumba kitambo, mpaka Mkaguzi akadhani sasa ataita, sasa atapiga kelele, sasa ataivunja mashua kwa mikono. Baba akaweka tupa juu ya jino na kuanza kulisawazisha. Alisugua kwa makini, akipuliza unga, mpaka vile vijino vitatu vikaisha na jino likawa sawa na ubao.

"Baba," Mkaguzi alinong'ona.

Baba hakushtuka. Alipuliza mara ya mwisho. "Lingekwaruza rangi," alisema.

Mama ndiye aliyempigia simu Bibi wa Mafusho, bila kumwambia mumewe. Alikuja mchana kwa pikipiki, mwanamke mfupi wa makamo, mfuko wa plastiki mkononi, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu. Alijulikana kwa kuondoa majini kwenye nyumba za kupanga, na hata wenye nyumba walimheshimu. Meno yake ya juu yalikuwa ya bandia, kazi ya Baba, na aliposhuka kwenye pikipiki alimsifia fundi hata kabla ya salamu.

Lakini alipokanyaga uani alisimama. Akavuta pumzi. Akayatoa yale meno, akayafunga kwenye leso na kuyatia mfukoni.

"Ya plathtiki hayataki," alisema. "Lakini thijiamini."

Alitembea hadi kwenye mashua na kuweka sikio ubaoni. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akatoa ubani, akaangalia, akaurudisha mfukoni bila kuuwasha. Bibi alirudi hadi mlango wa jiko, akavaa meno yake, ndipo akasema.

"Huyu alikuwa amelala zake kisimani. Mmemwamsha, sawa, watu huamshwa. Angekaa kwenye hayo maji siku mbili, mngemwaga, angekwenda zake na maji. Sasa nyie mmemtilia jino mkononi. La mtoto. Na mtoto kasema bure. Yeye akaona: kumbe nimeajiriwa kuziba, na malipo nimeshaonjeshwa."

"Mfukuze basi," Mama alisema. "Mfukuze, Bibi, nakuomba."

"Mama, mimi nafukuza majini wavivu. Wanaokaa kwenye mapaa, wanaolalia watu vifua. Huyu ni mchapakazi." Hakuwa akitania, ingawa ilikuwa kama utani. "Ichomeni. Leo, jua halijazama, kabla hajafika kwenye mzizi wa mtoto. Likizama jua, mashua na mtoto ni kitu kimoja. Mkiigusa, mmemgusa yeye."

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mikono imejaa plasta. Hakuna aliyejua amesikia kiasi gani.

"Nichome nini?" aliuliza.

"Baba Njugu, sikiliza kwanza..." Mama alianza.

"Nimesikiliza. Bibi, shikamoo. Meno yanakubana?"

"Marahaba. Hayanibani."

"Unatafuna nayo nyama?"

"Natafuna."

"Basi." Aliwageukia mkewe na binti yake, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, ya mtu anayemweleza mteja bei. "Jino ni kitu ninachoweza kutengeneza. Ndiyo kazi yangu. Nitamtengenezea Njugu meno mazuri kuliko aliyozaliwa nayo, bila hata kuoza. Mashua sitatengeneza nyingine. Sina miaka hiyo."

"Ni mwanao," alisema Mkaguzi.

"Na hii ni ya mwanangu. Nimeandika jina lake ubavuni, au huoni?"

Akarudi ndani na kufunga mlango. Bibi wa Mafusho alimtazama Mama, akingoja. Mama alitazama mashua, akatazama tanga lililokuwa limefunika sebule nzima, jeupe, limebakiza upindo mmoja. Pikipiki ilipoondoka, cherehani ilianza tena kulia.

Jua likazama.

Ijumaa, Mkaguzi alifanya peke yake kile ambacho wakubwa walishindwa. Baba alikuwa amekwenda kuona mahali pa kushushia mashua. Alichukua koleo karakanani, akalala chini ya ubavu wa kushoto, akalishika lile jino lililosawazishwa. Ubao ulikuwa na joto. Akavuta. Halikusogea. Akakaza miguu kwenye nguzo, akavuta kwa nguvu zake zote, na jino likasogea unywele mmoja.

Ndani ya nyumba Njugu alipiga ukelele ambao Mkaguzi hakuwahi kuusikia kwa kiumbe chochote.

Alimkuta sakafuni jikoni, mikono miwili mdomoni, damu ikipita katikati ya vidole. Pengo la jino lile lilikuwa limekwisha kukauka tangu jana. Sasa lilikuwa wazi, na ufizi ulikuwa umevutwa nje kama kitambaa kilichonaswa na msumari. "Dada, nani ananivuta?" alilia. "Dada, mwambie aache!"

Mkaguzi alilitupa koleo kwenye pipa la taka na kunawa mikono mara nyingi.

Jioni Baba alirudi na furaha. Alizunguka mashua na taa, akigusa hapa na pale, akiimba chini kwa chini. Maji hayakuvuja popote isipokuwa mahali pamoja, karibu na mkuku, kwenye ule uti wa chini wa chombo, ambapo kizibo kilikuwa kimetoka mchana na tone lilikuwa likijikusanya, likianguka, likijikusanya.

"Limebaki tundu moja tu," alisema mezani. Hakumtazama mtu. "Moja."

Njugu alikuwa akila uji kwa kijiko kidogo. Jino la msumeno lililobaki lilionekana kila alipofungua mdomo.

Usiku ule Mkaguzi alilala kitanda kimoja na mdogo wake. Alifunga dirisha, akasukuma meza kwenye mlango, akijua ni ujinga, kwa sababu kitu kilichopita siku zote hizi hakikuwa kimepitia mlangoni. Alimlaza Njugu ukutani, akamkumbatia, na kidole chake cha shahada akakiweka mdomoni mwa mtoto, juu ya jino lile, kama mtu anayeziba tundu la mtumbwi kwa kidole. Njugu alimuuma kidogo kwa mzaha. Kisha akalala.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilipita chini ya mlango, ya uvuguvugu, ya mdomo, na nyuma yake ikaja ile sauti ya kusaga, ambayo safari hii haikuwa uani bali kwenye korido, kisha kwenye fremu ya mlango, kisha, bila mlango kufunguka wala meza kusogea, ikawa ndani ya chumba, upande wa miguuni, ikipanda juu ya godoro taratibu bila uzito wowote, na Mkaguzi, ambaye alikuwa amejiambia kwamba ikifika atapiga kelele, atawasha taa, atasoma kila dua aliyofundishwa, alikuta ulimi wake umelala mdomoni kama kitu cha mtu mwingine, na jasho likimtoka mpaka kwenye nyayo, na macho yake yakitazama giza ambalo halikuwa na umbo lolote isipokuwa kwamba mahali pamoja lilikuwa linang'aa unyevu. Halafu akahisi kugongwa. Tok. Kitu kidogo, baridi, kama ncha ya chuma ambayo Baba hugongea meno ya wateja kujua lipi limelegea, kiligonga jino la Njugu kando ya kidole chake, tok, kikasogea kwenye linalofuata, tok, kwa upole, kwa ufundi, bila haraka, kikamaliza safu ya mtoto, kikatulia, na kisha, Mkaguzi akiwa amekaza taya mpaka masikio yanavuma, kikapenya katikati ya midomo yake mwenyewe na kuanza upya kwenye meno yake, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho kabisa nyuma ambalo hata yeye hakuwahi kuligusa.

Njugu alikuwa macho. Midomo yake ilimsogelea dada yake sikioni.

"Dada. Anauliza la nani."

Ile ncha ilikuwa bado imetulia juu ya jino la Mkaguzi.

"Anasema lako kubwa, lingemtosha. Anasema useme tu. Ukisema, anakubali."

Alitaka kusema. Baadaye, kila alipolirudia jambo hili kichwani, alikuwa na hakika kwamba alitaka. Neno lilikuwa pale, fupi, neno moja. Lakini taya zilikuwa zimejifunga, na katika giza lile alitambua kwa uchungu kwamba si jini aliyezifunga.

Njugu alingoja, kwa adabu, kama anavyongoja zamu yake ya kuoga.

"Basi langu," alisema, na kufungua mdomo.

Mkaguzi alimziba mdomo kwa viganja viwili. Alimbana kifuani, uso kwa uso, akawa hamruhusu kupumua isipokuwa kwa pua, na kwenye migongo ya viganja vyake ile ncha baridi ikagonga, tok, tok, kama mgeni anayejua kwamba wenyeji wapo. Iligonga mpaka ngozi ikachubuka. Kisha ikaacha. Sauti ya kusaga ikarudi ilikotoka, ikapungua, ikatulia uani.

"Kasema sawa," Njugu alinong'ona ndani ya viganja. "Kasema atachukua lori likifika."

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa bado liko nyuma ya nyumba, Mkaguzi alimfunika mdogo wake shuka, akatoka bila viatu. Alikuwa amefukua koleo kwenye pipa la taka na kulifuta kwenye khanga. Alijilaza chali chini ya mashua, karibu na mkuku. Tone lilimwangukia shavuni, la uvuguvugu, likateleza mpaka sikioni. Tundu la mwisho lilikuwa wazi juu ya uso wake. Ndani yake mlikuwa na giza, na giza lilikuwa likipumua.

Alijaribu mara mbili kabla sauti haijatoka.

"Langu," alisema.

Koleo halikuhitajika. Jino lake la mbele lililegea papo hapo, likawasha, na huo muwasho ulikuwa wa raha, kama Njugu alivyosema, raha ya aibu iliyomfanya atokwe machozi. Liling'oka vidoleni mwake likiwa zima na mzizi wake mrefu wa manjano. Damu haikuja mpaka alipokwisha kulisukuma tunduni. Akaligonga kwa kiganja, mara moja, mbili, na mbao zikalibana. Tone halikujikusanya tena.

Alijiviringisha akatoka chini, akapiga magoti, akatema. Ndani yake mlikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Limekwisha. Mtoto amebakiwa na lake.

Baba alikuwa amesimama juu yake na kikombe cha chai. Alikuwa amevaa shati jipya. Aliweka kikombe kwenye ngazi, akainama chini ya mashua, akapitisha kidole gumba juu ya jino.

"Umelipinda kidogo," alisema. "Ungenisubiri."

"Baba..."

"Suuza na maji ya chumvi. Usiguse kwa ulimi."

Nje ya ukuta lori lilikuwa likirudi nyuma, shemeji yake Baba akipiga honi na kuita, na mlango wa jirani ukafunguliwa, na watu walianza kusikika, wengi, wakiwa na vicheko. Mama alitoka akiwa amelikumbatia tanga lililokunjwa. Alimwona binti yake, akaona damu kifuani. Akalibana tanga zaidi.

Kwenye ubavu wa kulia, ule ambao haukuwa umepoteza kizibo hata kimoja wiki nzima, kitu kilisema tok.

Kizibo kilianguka vumbini. Kando yake kikaanguka kingine. Kisha, kutoka mbele hadi nyuma ya mashua, safu nzima ilianza kulegea na kusukumwa nje taratibu, kimoja baada ya kingine, na nyuzi za maji zikachomoza, nyembamba, nyeupe.

Baba alizitazama nyuzi hizo. Alitazama ukuta, ambako ndoano ya winchi ilikuwa tayari imeonekana ikishuka. Halafu akamgeukia Mkaguzi, akamshika kidevu kwa vidole viwili na kukiinua kwenye mwanga, na macho yake yalikuwa yale ya kazini, makini, yasiyo na hasira wala huruma, yakipita safu ya juu, yakipita safu ya chini.

"Fungua tena," alisema.

Mlangoni mwa jiko Njugu alikuwa ameamka. Alikuwa ameiona mashua, ameelewa, na mkono wake mdogo ulikuwa umeshapanda mdomoni.

Mkaguzi akafungua, upesi, kabla mtoto hajafungua wake.